Namikonga na Kaleso: muhogo mmoja, majina mawili

Pwani ya Kenya kuna aina ya muhogo inayoitwa Kaleso. Kusini mwa Tanzania, upande wa Mtwara, kuna nyingine inayoitwa Namikonga. Kwa muda mrefu watafiti wa nchi hizi mbili waliziandika kwenye madaftari tofauti, kila upande ukiihesabu ya kwake, na kila upande ukiandika sifa ileile: ukiuchimba muhogo huu kwenye eneo lililoshambuliwa na ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ukaupasua, mara nyingi utaukuta mweupe ilhali aina za jirani yake zimeharibika. Vinasaba vyake vilipolinganishwa, ikabainika kwamba ni mmea uleule. Wala si wa kienyeji kwa maana ya kurithiwa kutoka kwa mababu wa kale. Ni chotara aliyezalishwa kwenye kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara Mashariki, aliyejulikana huko kwa namba 46106/27.

Nimeamua kukichambua kisa hiki kwa sababu kinagusa jambo ambalo sera zetu za utafiti hulipita haraka. Ukinzani ambao wazalishaji wa mbegu wanautegemea leo dhidi ya ugonjwa unaoharibu muhogo kuliko mwingine wowote Afrika Mashariki ulitengenezwa na watafiti, lakini waliouhifadhi kwa zaidi ya nusu karne ni wakulima. Maabara za sasa zimeusoma, zikauelewa kwa sehemu, na sasa zinajaribu kuujenga upya. Kila hatua kati ya hizo tatu ina lake la kufundisha.

Ugonjwa wenyewe

Muhogo una magonjwa mawili makubwa ya virusi hapa kwetu. La kwanza ni batobato, nalo halijifichi: majani yanajikunja, yanapata mabaka ya manjano, mmea unadumaa. Mtaalamu wa Kijerumani, Warburg, aliliandika mwaka 1894 baada ya kuona mimea ya Usambara. La pili, michirizi ya kahawia, ni la kificho. Majani ya chini yanapata umanjano kandokando ya mishipa, shina changa linapata michirizi, lakini mmea unaweza kusimama na majani tele na mwenye shamba asishtuke. Madhara yako chini. Ndani ya mizizi panaingia madoa ya kahawia, magumu na makavu, yanayotanuka mpaka muhogo haufai kuchemshwa, haufai kuanikwa makopa, na hata ng'ombe unampa kwa kusitasita.

Ubaya wake mkubwa hauonekani kwenye takwimu za mavuno. Kwa familia nyingi za pwani, muhogo ni ghala lililo ardhini: unachimba wa leo, wa mwezi ujao unabaki ulipo. Michirizi ya kahawia inalibomoa ghala hilo, maana kadiri muhogo unavyokaa ardhini ndivyo uozo unavyozidi. Mkulima analazimika kuvuna mapema, mizizi haijajaa wanga, ili asikose vyote. Ndiyo maana ukimuuliza mama wa Kilifi kwa nini hapandi tena aina ya Kibandameno kwa wingi, ingawa ni tamu na sokoni inapendwa, atakueleza habari ya muda kabla ya kukueleza habari ya gunia.

H. H. Storey, mtaalamu wa magonjwa ya mimea aliyekuwa Amani, ndiye aliyeueleza ugonjwa huu kwa mara ya kwanza, mwaka 1936, akashuku ni virusi. Ilichukua hadi mwaka 2001 kwa maabara kuthibitisha kwa kusoma vinasaba vya kirusi chenyewe, na baadaye ikajulikana kwamba virusi ni viwili, vinavyofanana lakini si kimoja. Vinaenezwa na inzi weupe, na vinaenezwa na sisi wenyewe tunapokata pingili kwenye shina lililoambukizwa na kumgawia jirani.

Walichofanya Amani

Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti Amani mwaka 1902. Katika miaka hiyohiyo walowezi walipanda kwa wingi mti wa mpira wa Ceará, uliotoka kaskazini mashariki mwa Brazil, ambao jina lake la kitaalamu ni Manihot glaziovii. Bei ya mpira ilianguka kufikia mwaka 1913 kwa sababu ya mpira wa Asia, mashamba yakaachwa, lakini miti ikabaki. Wenyeji wa Tanga na Muheza wanaijua kwa matumizi mengine kabisa: kisamvu cha mpira kinatwangwa na kupikwa kwa nazi mpaka leo.

Mti huo ni ndugu wa muhogo. Wana kromosomu sawa kwa idadi, jozi 18, na chavua ya mmoja inaweza kumzalisha mwingine. Hapo ndipo Storey, na baada yake R. F. W. Nichols, walipopata njia. Kuanzia katikati ya miaka ya 1930 walikusanya aina za muhogo kutoka nchi mbalimbali, wakazipanda katikati ya mimea yenye ugonjwa, wakaangalia ipi itasalimika. Zilizovumilia zilikuwepo, ila uvumilivu wao haukutosha. Basi wakageukia jamaa wa porini, mpira ukiwa mmojawapo, wakauchavusha na muhogo.

Chotara wa kwanza wa mpira na muhogo ana afya njema lakini hana chakula. Mizizi yake ni myembamba na yenye nyuzi, shina lake linataka kuwa mti. Kwa hiyo unamrudisha kwa muhogo, unapanda watoto, unawaambukiza, unatupa walioanguka, unachagua waliosimama, na kuwarudisha tena. Walifanya hivyo mara tatu. Ukipiga hesabu, kila unapomrudisha sehemu ya porini inapungua kwa nusu, hivyo baada ya mara tatu inabaki wastani wa sehemu moja kati ya 16. Lakini wastani huo ni wa karatasini. Kwa kuwa kila kizazi kilichujwa kwa ugonjwa, vipande vya mpira vilivyobaki havikubaki kwa bahati tu; vilibaki kwa sababu mmea uliokuwa navyo ulisalimika.

Ni kazi ya kuchosha kuliko inavyosikika. Tunda moja la muhogo linatoa mbegu tatu tu, na si maua yote uliyochavusha yatashika. Kila mbegu inaota mmea tofauti na wa mwenzake, kwa hiyo hakuna njia ya mkato: unapanda mamia, unasubiri karibu mwaka, unachimba, unapasua. D. L. Jennings alipoipokea kazi hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1950 alirithi familia nzima za machotara na alizichanganya zenyewe kwa zenyewe ili kukusanya ukinzani uliotawanyika. Mwaka 1957 mradi ukafungwa.

Njia mbili za kutoka mlimani

Kutoka Amani urithi huu ulipita njia mbili, na tofauti ya njia hizo ndiyo kiini cha kisa.

Njia ya kwanza ni ya taasisi. Mwaka 1956, kabla tu mradi haujafungwa, mbegu za mzazi aitwaye 5318/34 zilipelekwa Ibadan, Nigeria. Kati ya zilizoota huko alichaguliwa mmea mmoja, 58308, ambao haukuwa na mavuno ya kusifiwa ila batobato haikuuweza. Taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki, IITA, ilipoanza kuzalisha muhogo mwanzoni mwa miaka ya 1970, mmea huo ndio uliofanywa mzazi wa ukinzani, na watoto na wajukuu wake wakaenea Afrika nzima kwa majina yanayoanza na TMS. Batobato kali ilipoivamia Uganda kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, ikiletwa na kirusi kipya kilichozaliwa kwa kuungana vipande vya virusi viwili, Waganda walijiokoa kwa kiasi kikubwa kwa aina hizo, Migyera ikiwemo. Yaani damu ya Usambara ilikwenda Atlantiki, ikarudi Ziwa Victoria, na wachache waliokuwa wakiipanda walijua ilikotoka.

Njia ya pili haina barua wala orodha ndefu. Machotara wengine, 46106/27 akiwa mmoja wao, walishuka kutoka Amani kwenda kwenye mashamba ya pwani. Muhogo hauhitaji duka la mbegu: unamkatia jirani mafungu ya miti, anapanda, msimu unaofuata naye anamkatia shemeji yake. Njiani namba ikadondoka na majina yakazaliwa. Wakulima waliendelea na mmea huu kwa sababu walizoziona wenyewe walipochimba. Kwenye mwambao, ambako michirizi ya kahawia haijawahi kuondoka tangu siku za Storey, aina inayooza hujifuta yenyewe shambani ndani ya misimu michache. Mtu hapandi tena kilichomlaza njaa. Uteuzi ulioanzishwa Amani haukusimama mwaka 1957. Ulihamia mikononi mwa watu wengine, ukaendelea bila bajeti.

Tofauti ni hii: njia ya taasisi ilibeba ukinzani wa batobato, kwa sababu Ibadan hakukuwa na michirizi ya kahawia ya kuwachuja. Vipande vinavyopambana na michirizi havikuwa na mtu wa kuvidai huko, kwa hiyo hakuna aliyevitunza kwa makusudi. Pwani yetu, yenye ugonjwa, ndiyo iliyovitunza.

Mwaka 2004 na baada yake

Hadi miaka ya karibuni ilikubalika kwamba michirizi ya kahawia ni ugonjwa wa tambarare za pwani na wa kandokando ya Ziwa Malawi, na kwamba juu ya mita 1,000 hauna nguvu. Mwaka 2004 ukaonekana Uganda, kwenye miinuko ya zaidi ya hapo, na haukukoma. Ukaingia kanda ya Ziwa ya Tanzania, magharibi mwa Kenya, Burundi, Rwanda na mashariki mwa Kongo. Inzi weupe walikuwa wameongezeka mno katika ukanda huo, na wakulima walikuwa wamepanda aina zilizoteuliwa kwa batobato. Mfano mchungu ni TME 204, aina yenye asili ya Afrika Magharibi iliyopendwa sana Uganda. Batobato haiigusi, lakini michirizi inaiozesha mizizi mpaka haifai.

Hapo ndipo kila mtu alipouliza: ukinzani uko wapi? Na jibu likawa linapandwa Mtwara na pwani ya Kenya tangu zamani.

Utafiti ninaouona kuwa wa maana zaidi ulichapishwa mwaka 2017. Watafiti waliichavusha Namikonga na aina nyingine ya wakulima wa Tanzania inayoitwa Albert. Namikonga hustahimili michirizi lakini batobato humsumbua; Albert ni kinyume chake, batobato haimwezi ila michirizi humwozesha. Watoto 240 walipandwa Naliendele, Mtwara, na Chambezi, Bagamoyo, sehemu mbili zenye ugonjwa mwingi, kwa misimu ya 2013 na 2014. Kila mtoto alisomwa kwa alama za DNA 943, na kila mmoja akachimbwa na mizizi yake ikapasuliwa kuangalia uozo.

Matokeo yana utamu wake. Ukinzani wa Namikonga haukukaa mahali pamoja. Kipande cha kromosomu ya 2 kilijitokeza Naliendele misimu yote miwili, kikihusika na majani na mizizi pia. Kipande cha kromosomu ya 11 kilijitokeza Chambezi misimu yote miwili. Cha tatu, kwenye kromosomu ya 18, kilionekana kwa mashaka kidogo. Maana yake kwa mzalishaji wa mbegu ni nzito: mmea uleule unajilinda kwa silaha tofauti kutegemea ulipopandwa, na ukichagua kwa kuangalia kituo kimoja tu unaweza kuitupa nusu ya ulinzi bila kujua. Upande wa Albert, ukinzani wa batobato ulikaa kwenye kromosomu ya 12, pale ambapo tafiti za awali zilikuwa zimeshauweka.

Katika watoto wote 240, waliostahimili magonjwa yote mawili walikuwa 12. Asilimia tano. Nimeona watu wakiisoma namba hiyo kwa huzuni. Mimi naiona ni habari njema, kwa sababu inaonyesha kwamba kinga hizo mbili zinaweza kukaa ndani ya mmea mmoja, na kwamba kazi iliyobaki ni ya kuhesabu na kuchuja.

Mwaka uliotangulia, 2016, kundi jingine lilikuwa limesoma jenomu nzima, yaani vinasaba vyote, za mihogo na jamaa zake wa porini, na likakuta vipande vya mpira wa Ceará ndani ya aina nyingi za Afrika kuliko ilivyodhaniwa, Namikonga ikiwemo. Kiroba, aina iliyoenea pwani ya Tanzania na ambayo wengi wetu tungeapa kuwa ni ya kienyeji, nayo ilikutwa na vipande hivyo, na baadhi ya sehemu zinazohusika na ukinzani wake zimeangukia papo hapo. Uchambuzi wa mwaka 2019 ukaongeza jambo la kushangaza: vipande vikubwa vya mpira kwenye kromosomu ya 1 na ya 4 vimeendelea kuchaguliwa na wazalishaji kwa miongo mingi, lakini karibu kila mara mmea unabeba nakala moja tu, nyingine ikiwa ya muhogo. Inaelekea kipande hicho kimebeba kheri na shari kwa pamoja. Nakala moja inasaidia, mbili zinaumiza. Na kwa kuwa vipande vya jamaa wa porini huwa havivunjikivunjiki kirahisi vinapokutana na vya muhogo, kheri haijatengana na shari tangu Amani.

Pale maabara ilipojikwaa

Kulikuwa na njia ya kuruka yote haya: chukua aina wanayoipenda wakulima, iingizie kipande kidogo cha vinasaba vya kirusi chenyewe ili seli zake zijifunze kukikata, basi. Ilifanywa kwa TME 204, na dhidi ya michirizi ilifanikiwa. Lakini mimea hiyo ilipopelekwa shambani ikashikwa na batobato, ugonjwa ambao TME 204 haikuwahi kuuogopa.

Uchunguzi ulionyesha kwamba kosa halikuwa la jeni lililoingizwa. Hata mimea ambayo haikuwekewa chochote, ila ilipitishwa tu kwenye hatua ile ya maabara ya kugeuza tishu kuwa viini-tete na kuotesha upya, ilipoteza ukinzani wake. Mwaka 2022 chanzo cha ukinzani wenyewe kilipatikana: mabadiliko madogo kwenye jeni la kimeng'enya kinachonakili DNA. Nalipa uzito jambo hili kwa sababu linahusu kila mradi wa aina hii unaopangwa kwa zao lisilo na mbegu za kawaida. Mmea uliotoka kwenye chupa si lazima uwe uleule ulioingia, hata kama jina kwenye kibandiko halijabadilika. Kupima ugonjwa mmoja tu baada ya kuotesha upya hakutoshi.

Juhudi hizo hazikufia hapo. Juni 2021 mamlaka ya usalama wa bayoteknolojia ya Kenya iliidhinisha kuachiliwa katika mazingira kwa muhogo uliobadilishwa vinasaba, unaojulikana kama 4046, kwa ajili ya michirizi ya kahawia. Siupingi. Ila kinga yake imefungwa kwenye wazo moja, kulenga mfuatano wa vinasaba vya virusi vinavyojulikana leo, na virusi vya michirizi hubadilika. Mmea wa aina hiyo unahitaji kusimama juu ya msingi wa ukinzani mwingine, na msingi huo ndio ule wa Namikonga.

Kilichobaki kufanywa

Namikonga si dawa kamili. Kirusi kinaweza kuingia ndani yake na kuishi kwa kiasi kidogo. Kinachofanywa na mmea huu ni kukizuia kisiongezeke. Batobato humsumbua. Na uzao wote wa Amani ulitokana na wazazi wachache wa porini, kwa hiyo tunachota kutoka kisima chembamba.

Kuna visima vingine. Mwaka 2019 wataalamu wa Ujerumani walichapisha matokeo ya kupima zaidi ya aina 200 za muhogo kutoka Amerika ya Kusini, ambako zao hili lilianzia, na chache kati yake hazikuambukizwa kabisa na virusi vya michirizi, jambo ambalo hapa kwetu halijazoeleka. Hizo sasa zinachanganywa na aina za Afrika. Ni sahihi kufanya hivyo. Ila zinakuja zikiwa hazijawahi kukutana na batobato, kwa kuwa Amerika haina ugonjwa huo, na hapa shambani zitaanguka zisipopata mshirika.

La pili liko karibu zaidi nalo halizungumzwi vya kutosha. Miti ya mpira ingali inasimama kwenye mashamba ya zamani, kwenye mipaka ya viwanja, nyuma ya jikoni ambako watu wanachuma kisamvu. Nichols na Jennings walitumia sehemu ndogo sana ya miti ya jamii hiyo. Naamini kukusanya sampuli za miti hii, kusoma DNA yake na kuilinganisha na vipande vilivyomo ndani ya Namikonga, Kiroba na aina za TMS ni kazi ambayo vituo vyetu vinaweza kuifanya kwa vifaa vilivyopo. Ikipatikana miti yenye kheri ile bila shari iliyofungamana nayo kwenye kromosomu ya 1 na ya 4, mchavusho wa Amani unaweza kurudiwa kwa makusudi badala ya kwa kubahatisha.

Na utarudiwa kwa haraka zaidi. Alama za DNA zinamwezesha mzalishaji kuchukua jani la mche wa wiki chache na kujua kama umebeba vipande vya kromosomu ya 2, 11 na 12 kabla haujachukua nafasi shambani. Mamia ya miche itatupwa mapema, ikabaki makumi. Lakini makumi hayo lazima yapandwe Naliendele na Chambezi yote mawili, na kanda ya Ziwa pia, yakae ardhini miezi 12, kisha yachimbwe na kila muhogo ukatwe kwa kisu vipande vipande kutoka kichwani hadi mkiani. Uozo wa michirizi ya kahawia bado hauna kipimo kingine cha kuaminika kuliko hicho.